Neno "Let" la Waingereza na Neno Letu "Acha"

Wako watu wanaodhani kwamba lugha ya kigeni ni kama viatu vilivyopangwa sakafuni: ukikiona cha kulia, cha kushoto kipo pale pale karibu yake. Neno la Kiingereza huku, neno la Kiswahili huku, na kazi imekwisha. Nami nilikuwa mmoja wao. Kwa miaka kadhaa nilifundisha hivyo. Ubaoni niliandika neno la Kiingereza, kisha alama ya kuwa sawasawa, kisha neno la Kiswahili, na watoto wakanakili katika daftari zao kwa hati nzuri. Leo nataka kueleza habari za neno moja tu, neno dogo la herufi tatu, ambalo kwanza liliniaibisha darasani, na baadaye likamtia hasara mjomba wangu. Neno lenyewe ni "let".

Ubaoni kwangu "let" lilikuwa sawa na "ruhusu". Nilijifunza hivyo kwa mwalimu wangu, naye bila shaka alijifunza kwa mwalimu wake.

Shuleni petu tunayo nakala moja ya Biblia ya Kiingereza, ya tafsiri ile ya zamani iliyotolewa mwaka 1611, zamani za Mfalme James. Jalada lake limechakaa na kurasa za mwisho zimeliwa na mchwa. Kijana mmoja mpole, apendaye kusoma kuliko kucheza mpira, alikuwa na desturi ya kuisoma saa ya mapumziko. Siku moja akaja kwangu ameshika kidole chake kati ya kurasa, akasema, "Mwalimu, naomba kuuliza. Katika Kutoka, mlango wa tano, mstari wa kwanza, Musa amwambia Farao awaruhusu watu waende zao. Neno ni 'let'. Lakini katika mstari wa nne mfalme awauliza Musa na Haruni sababu ya wao kuwafanyia watu jambo fulani katika kazi zao, na neno ni lile lile, 'let'. Je, Farao amekasirika kwa kuwa Musa amewaruhusu watu kufanya kazi?"

Nikautazama mstari. Nikautazama tena. Neno lilikuwa pale, wazi kabisa, wala sikuwa na jibu. Nikamwambia, "Pengine mpiga chapa alikosea." Kijana akanishukuru akaenda zake. Watoto wana adabu ya kutuamini hata pale tusipostahili.

Usiku ule sikulala vizuri. Siku zilizofuata nikaanza kulitafuta neno hili katika kitabu kile kile, nikalikuta mahali pengine likiwa na tabia ile ile ya ajabu. Katika Warumi 1:13 Paulo aeleza ya kuwa mara nyingi alikusudia kwenda Rumi, lakini mpaka wakati ule alikuwa "let". Katika Isaya 43:13 Mungu asema habari ya kazi yake na kuuliza ni nani awezaye ku-"let". Na katika 2 Wathesalonike 2:7 neno hili limekuja mara mbili katika mstari mmoja. Basi nikafungua Biblia yetu ya Kiswahili, na mahali hapo pote nikaona habari ya kuzuia: Paulo alizuiliwa, hakuna awezaye kuizuia kazi ya Mungu, yuko azuiaye sasa. Mpiga chapa hawezi kukosea namna moja katika vitabu vinne. Aliyekosea nilikuwa mimi.

Habari yenyewe ni hii. Zamani sana, kabla ya miaka elfu kupita hata leo, Waingereza hawakuwa na "let" moja, walikuwa na mbili. Moja waliiandika "lætan", na maana yake ilikuwa kuacha, kuachilia, kuruhusu. Ya pili waliiandika "lettan", na maana yake ilikuwa kuzuia, kuchelewesha; nayo ni ndugu wa neno lao "late", yaani kuchelewa. Vinywani mwa watu sauti za maneno hayo mawili zikasogeleana kidogo kidogo, mwisho zikawa sauti moja. Ndipo Mwingereza akajikuta ana neno moja lenye kufungua mlango na kuufunga. Wataalamu waliotunga ile kamusi kubwa ya Oxford, iliyoanza kutolewa kwa vipande mwaka 1884 na kumalizika mwaka 1928, hawakuyachanganya. Waliyaandika kuwa maneno mawili mbalimbali, kila moja na ukoo wake. Waholanzi, ambao lugha yao ni jirani ya Kiingereza, walijiepusha na taabu hii kwa kuongeza silabi moja mbele. Kwao "laten" ni kuacha, na "beletten" ni kuzuia, hata leo.

Mtu asidhani kwamba jambo hili ni la Biblia tu. Katika mchezo wa Hamlet, ulioandikwa na Shakespeare yapata mwaka 1600, kijana wa kifalme aona mzuka wa baba yake ukimwashiria aufuate gizani. Rafiki zake wanamshika wasimwache aende. Naye kwa hasira aapa kumwua yeyote ata-"let" yeye. Mwanafunzi mwenye daftari kama zangu atasoma kwamba Hamlet atamwua mtu atakayemruhusu, naye atastaajabu kuona kijana huyu ana wazimu kuliko hata alivyojifanya. Na pasipoti ya Uingereza mpaka siku hizi ina maneno ya kuomba mwenye nayo apite pasipo "let" wala kizuizi, na nchi kadhaa zilizotawaliwa zamani na Waingereza zimeyarithi maneno hayo. Afisa wa mpakani asomaye kwa kufuata ubao wangu angedhani msafiri aombewa apite pasipo ruhusa!

Ile "let" ya kuzuia imekwisha kufa katika mazungumzo ya watu. Imebaki katika pasipoti, katika karatasi za wanasheria, na katika mchezo wa tenisi, mpira ukigusa wavu wakati wa kuanzisha. Sababu ya kufa kwake si ngumu kuelewa. Neno likiweza kuwa "ndiyo" na "siyo" katika sentensi ile ile, watu huogopa kulitumia, hutafuta jingine. Biblia ya Kiingereza iliposahihishwa, Agano Jipya mwaka 1881 na la Kale mwaka 1885, wasahihishaji waliliondoa katika Warumi na Wathesalonike na kutia maneno yasemayo kuzuia waziwazi. Walifanya vema. Tafsiri ile ya 1611 ni nzuri mno kwa sauti yake, lakini yafaa asomwe naye mtu ajuaye kwamba maneno yake mengine yamehama nyumba. Si "let" peke yake. Katika 1 Wathesalonike 4:15 mna neno "prevent", ambalo leo ni kuzuia, lakini hapo lilikuwa kutangulia tu.

Baada ya juma moja nikasimama mbele ya darasa zima, nikasema kwamba mpiga chapa hakukosea, ila mwalimu. Haikuwa rahisi. Kisha nikafuta alama ya kuwa sawasawa.

Sasa na tuitazame ile "let" iliyobaki hai, ile ya kuacha, maana nayo si nyepesi kama wengi wanavyodhani. Chukueni sentensi moja fupi, "let him go", ambayo kila mwanafunzi wa mwaka wa pili aijua. Mama akimwambia baba hivyo habari ya mtoto atakaye kwenda ngomani, maana yake ni "mwache aende". Askari akiambiwa hivyo naye ameshika mwizi mkono, maana yake ni "mwachilie". Mtu akisema kwa kiburi juu ya adui yake, maana yake ni "na aende zake, kwani kuna nini!" Na siku hizi mabwana wa kazi wamepata njia ya nne. Wakimfukuza karani, husema kwa upole kwamba wame-"let him go", kana kwamba yule karani alikuwa amesimama mlangoni akililia kutoka. Sentensi moja, na Kiswahili chake kimekuwa namna nne, wala hakuna hata moja yenye neno "ruhusu" ndani yake.

Tena yako mahali ambapo "let" haina maana yo yote peke yake, ila ni fimbo ya kuegemea kitenzi. Mwingereza hana namna ya kusema "tuombe" kwa neno moja kama sisi, hivyo humlazimu kulitanguliza "let". Hamwombi mtu ruhusa ya kuomba. Binti mmoja mdogo wa darasa la tano, aliyesikia hadithi ya kuumbwa kwa ulimwengu kwa Kiingereza, aliniuliza, "Mwalimu, Mungu alipotaka nuru, alimwomba nani ruhusa?" Wenziwe wakacheka, lakini mimi sikucheka. Swali lake lilikuwa la haki kabisa kwa mtoto aliyefundishwa na mimi. Katika Kiebrania hapo pana neno moja la kuamuru, "yehi", na Kiswahili chasema "iwe", neno moja vile vile. Hakuna ruhusa, hakuna mlinzi wa mlango, hakuna mtu wa tatu. Nadhani katika mstari ule Kiswahili chetu kimesimama karibu na Kiebrania kuliko Kiingereza, na mtoto wa kwetu akiusoma kwa lugha yake hapati shaka hata kidogo.

Mwingereza akifikiri kwa sauti husema "let me see", nasi husema "hebu nione" au "ngoja nione". Akitaka kusema kwamba jambo dogo halikuwezekana, na kubwa zaidi ndiyo kabisa, hutumia "let alone", nasi tuna "sembuse" na "seuze", maneno matamu ambayo vijana wetu wanaanza kuyasahau. Waganga wao wa zamani walipomtoa mgonjwa damu, tendo hilo nalo lilikuwa "let". Na nguo ikibana, fundi wa kushona hui-"let out". Hayo yote nayapita upesi, maana iko maana moja ambayo sitaki kuipita.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa na nyumba ya bati karibu na kituo cha reli, katika mji mdogo usio mbali na kijiji chetu. Aliijenga kwa fedha ya miaka mingi ya kazi ya mkonge. Mfanya biashara mmoja akaitaka, apate kuweka bidhaa zake. Akaleta karatasi mbili zilizoandikwa kwa Kiingereza. Mjomba hakutaka kutia kidole gumba mpaka mtu wa nyumbani azisome, ndipo akaniita. "Mjomba," akaniambia, maana kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo, "wewe umesoma. Niambie karatasi hii yasema nini."

Nikaisoma mbele ya wazee wawili na yule mfanya biashara. Ilisema kwamba mwenye nyumba ana-"let" nyumba yake kwa muda wa miaka mitano, na bei ya kila mwezi imeandikwa. Nikasema kwa sauti ya mtu aliyesoma, "Unamruhusu akae katika nyumba yako miaka mitano, naye atakupa kiasi hiki kila mwezi." Mjomba akatikisa kichwa kwa kuridhika, akatia kidole.

Sikudanganya, wala mfanya biashara hakudanganya. Lakini mjomba alisikia neno "ruhusa", na ruhusa kwa mzee wa kwetu ni mali ya mwenye kuitoa. Nikikuruhusu leo kuchota maji kisimani pangu, kesho naweza kukukataza, nawe utasema ahsante na kwenda zako. Ndivyo alivyoielewa karatasi ile. Mwaka wa pili binti yake akarudi kutoka kwa mumewe pamoja na watoto watatu. Ameachwa. Mjomba akamwendea mfanya biashara kwa heshima, akamwambia, "Bwana, sasa naihitaji nyumba yangu." Akaonyeshwa karatasi. Akaenda barazani, akasomewa tena, safari hii na mtu ajuaye sheria, naye akamwambia, "Mzee, hukumruhusu. Umempangishia. Na amelipa kila mwezi. Huna njia mpaka miaka mitano itimie."

Kupangisha! Kila mtoto wa mjini alijua neno hilo. Kiswahili kinalo, tena kizuri kuliko Kiingereza cha siku hizi, maana Mwingereza akisema "rent" hujui kama ni mwenye nyumba au mgeni, lakini sisi tuna kupanga na kupangisha, kukopa na kukopesha, na silabi moja ya mwisho yatutenganishia mwenye mali na asiye nayo. "Let" katika karatasi ile ilikuwa upande wa mwenye nyumba, yaani kupangisha, si jingine. Mimi nililijua neno la Kiingereza, nililijua na la Kiswahili, lakini ubao wangu haukupata kuyakutanisha. Binti yule na watoto wake walilala katika jiko la mjomba msimu mzima wa masika. Mjomba hakunigombeza. Aliniambia tu, tulipokuwa tukitengeneza paa la jiko, "Mjomba, ungesema amepanga, ningalielewa."

Baada ya mambo hayo nilifikiri sana juu ya "let", kisha nikaanza kufikiri juu ya lugha yetu wenyewe. Sababu ni yule kijana mwenye Biblia. Siku niliyokiri kosa langu, alinyosha mkono, akauliza, "Mwalimu, kama 'let' si 'ruhusu', je, 'acha' kwa Kiingereza ni nini?" Nikageuka kuandika ubaoni, nikasita. Tukaanza pamoja. Acha kelele. Mwache alale. Ameacha kazi. Ameacha mke. Ameniachia shamba. Amemwachilia ndege. Mama amemwachisha mtoto ziwa. Tumeachana njia panda. Kengele ikalia na ubao ulikuwa umejaa, na kila sentensi ilikuwa imedai neno lake la Kiingereza, mbali na la mwenziwe.

Tazameni, wasomaji, jinsi neno hili letu lilivyo na ncha mbili kama ile "let" ya kale. Nikisema "mwache aimbe", namfungulia mtu njia. Nikisema "aache kuimba", namfunga kinywa. Neno ni moja. Hatupotei, kwa sababu viambishi vyatuonyesha nani anaacha na nini kinaachwa. Lakini mgeni apewaye neno "acha" na maana moja tu katika daftari atapotea kama nilivyopotea mimi. Kadhalika "azima". "Niazime jembe lako" ni kuomba kupewa. "Nimeazima jembe" ni kwamba nimepewa. Na mgeni ataka kujua, je, mwenye jembe ni nani? Methali zetu nazo zimecheza na "acha" tangu zamani. Kosa moja haliachi mke. Mwacha asili ni mtumwa. Usiache mbachao kwa msala upitao. Katika zote tatu kuacha ni kutupa, ni kupoteza. Walakini mama akimwambia mgomvi "mwache mwanangu", hapo kuacha ni rehema.

Na sasa nifike kwenye jambo lililonifurahisha kuliko yote. Kiyunani nilichofundishwa chuoni kilikuwa kidogo, lakini kilitosha kulifuata neno moja, nalo ni "aphiemi". Katika Mathayo 4:20 wavuvi waliziacha nyavu: neno ni hilo. Katika Mathayo 19:14 wanafunzi waambiwa wawaache watoto waje: neno ni hilo. Katika 1 Wakorintho 7:11 mume akatazwa kumwacha mkewe: neno ni hilo hilo. Na katika sala, Mathayo 6:12, tunapoomba habari ya deni zetu, neno bado ni hilo. Mahali pane, neno moja. Kiingereza cha 1611 kimetumia maneno manne mbalimbali, na la watoto ni "suffer", ambalo leo ni kuteswa, hata mtoto wa Kiingereza asiyefundishwa anaweza kudhani kwamba wenziwe wanahukumiwa mateso. Biblia yetu ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 1952, ile wengi wetu tuliyokua nayo, imetumia "acha" mahali patatu katika hapo pane, na mahali pa nne "samehe".

Basi mtu wa kijijini, asiyejua hata herufi moja ya Kiyunani, ana neno mfukoni mwake lililo karibu kuwa umbo moja na la Mathayo. Ana nyavu zilizoachwa, watoto walioachwa waje, mke asiyeachwa, zote katika tendo moja la mkono unaofunguka au kukataa kufunguka. Mwingereza hawezi kuuona uzi huo bila kufunuliwa na mtaalamu.

Watu wataniuliza, je, nataka "samehe" liondolewe katika sala? La. Neno hilo limekaa vinywani mwa watu, lina upole wake, na mzee anayekufa hulitamka bila kufikiri. Ila nitasema neno moja kama mhakiki. "Samehe" lasimulia moyo wa mwenye kudai. Lakini lile la Kiyunani linaionyesha ile deni yenyewe ikiachiliwa, kama ndege atokaye mkononi. Wazee wetu wakipatanisha watu husema, "Mwachilie," na wote barazani hufahamu kwamba shauri limekwisha na mbuzi halipwi. Hilo ndilo neno ambalo ningependa mwalimu wa katekisimo alitaje, japo mara moja, anapofika katika sehemu ile ya sala. Hatalikuta katika orodha yo yote ya maneno.

Na kuhusu orodha hizo. Madan alitoa kamusi yake ya Kiingereza na Kiswahili mwaka 1894, na juu ya msingi wake ikajengwa ile ya mwaka 1939 iliyoitwa ya Frederick Johnson. Watunga kamusi hao walijua kwamba neno lina nyuso nyingi, nao walijitahidi kuzionyesha. Kosa si lao. Kosa ni letu sisi walimu, tunaochukua ukurasa mzima wa kamusi na kuufinya uwe neno moja ubaoni, kwa sababu chaki ni haba na kipindi ni kifupi, na kwa sababu neno moja ni rahisi kulisahihisha katika mtihani. Mtoto anayeandika "mwachilie" pale ambapo karatasi ya majibu ina "mruhusu" hupigwa alama ya kosa. Nimewapiga wengi alama hiyo kwa wino mwekundu, na wengine wao walikuwa sahihi kuliko mimi.

Siku hizi siandiki neno peke yake. Naandika sentensi nzima, na mtu anayesema, na mtu anayeambiwa, na kitu kilicho mkononi. Ni kazi ya polepole, na mkaguzi mmoja amekwisha kuniambia kwamba darasa langu liko nyuma kwa kurasa kumi na mbili.

Ile miaka mitano ya mjomba yatimia mwezi wa saba mwaka ujao. Mfanya biashara amekwisha kuleta karatasi mpya, za Kiingereza kama zile za kwanza, na bei iliyoongezwa kidogo. Mjomba aliniletea shuleni, amezifunga katika kitambaa. Nilimwomba aniachie siku mbili. Nilizisoma usiku kwa taa, na kila mahali palipokuwa na "let" nimeandika juu yake kwa kalamu ya risasi, "nimempangishia, na siwezi kumtoa kabla ya siku hii", na siku yenyewe nimeiandika kwa tarakimu kubwa. Mjomba alipozichukua alinitaka nimsomee mahali hapo mara tatu. Kisha akazifunga tena katika kitambaa, akasema atakwenda kwanza kuongea na binti yake.